Muuguzi Anayeuliza "Nini Kingine?"



Mwezi wa tisa ukikaribia, wazazi wengi wa Kasongo, wa Kabambare, wa Nyangwe na wa huku kwenye mashimo wanaanza kuhesabu feza za kulipia watoto masomo ya uuguzi. Mmoja anauza mbuzi, mwingine anatoa gramu ya zahabu aliyokuwa ameficha, mama anaongeza faida ya mawese. Wanataka mtoto arudi na diplome ya A2, na nguvu zikiwepo aendelee mpaka A1, avae bluzi nyeupe, ajue dawa na sindano, apate kazi. Ni vizuri. Lakini kuna swali moja ambalo wazazi hawaliulizi wakifika kwa mkubwa wa shule: je, mtamfundisha huyu mtoto kufikiri?

Mtu atasema: Pasta, si kila mtu anafikiri? Ndiyo, hata anayekosa anafikiri. Mimi ninasema juu ya kufikiri kwa namna fulani. Ni kusimama kidogo mbele ya jibu lililokuja haraka, na kuliuliza: wewe jibu, umetoka wapi? Kuna kitu gani kingine kinachoweza kuleta alama hizi hizi? Na nikiona nini nitajua kwamba nimekosa? Katika Kifaransa cha mashule neno lake linafanana na kukritike, na hapo wazee wanakasirika, kwa sababu kwetu kumkritike mtu ni kumsema vibaya. Basi nitaiita akili ya kupima. Mwenye zahabu safi hakasiriki mnunuzi akiiweka kwenye mizani.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi wa 3 mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe. Alikuwa mtu wa Injili, tena munganga wa kweli, aliyepata ruhusa ya kuganga kule Glasgow mwaka 1840. Akasimama kando ya Lualaba, akaona mto mkubwa unaokwenda kaskazini. Nile nayo inakwenda kaskazini, na yeye alikuwa akitafuta chanzo cha Nile kwa miaka. Basi moyo wake ukaegemea pale. Mara moja moja alikuwa na mashaka kwamba pengine ni Kongo, lakini alikufa mwaka 1873 akiwa bado anatafuta Nile.

Mwezi wa 8 mwaka 1874 Verney Lovett Cameron akafika Nyangwe, akatazama maji yale yale. Akapima kimo cha nchi, akakuta Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, mahali kwenye mto Nile ambapo kimo kilikuwa kimekwisha pimwa na wengine. Akakadiria wingi wa maji, akaona yanapita yale ya Nile. Maji hayapandi mlima. Akasema huu ni mto Kongo. Stanley aliondoka Nyangwe mwaka 1876, akafuata mto mpaka Boma mwaka 1877, na maneno yakaisha.

Simchеki Livingstone. Yeye ndiye aliyeandika mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, na ulimwengu ukayajua. Ninataka uone jambo moja tu: alama aliyoiona ilikuwa ya kweli. Mto ulikuwa unakwenda kaskazini. Ila alama ile ilikuwa ya kweli kwa mito miwili, na Cameron alitafuta alama ya pili ambayo ingetenga mmoja na mwingine.

Sasa ingia santre ya afya asubuhi. Mama anafika, mtoto mgongoni.

"Munganga, mutoto iko na moto tangu juzi."

Muuguzi anatoboa kidole, anatia damu kwenye kale kakipimo ka haraka, kamstari kanatokea. Malaria. Anaandika dawa, anaita, "Mwingine!" Kipimo hakikusema uongo. Lakini katika nchi yetu watoto wengi wanatembea na mdudu wa malaria katika damu hata siku wanayocheza mpira. Kipimo kimesema mdudu yuko. Hakikusema kwamba ni yeye peke yake anayemuunguza mtoto huyu leo. Homa ni kama ule mto: inakwenda kaskazini kwa magonjwa mengi.

Muuguzi aliyefundishwa kupima atafunua nguo atazame kifua. Atangoja mtoto atulie, atashika saa, atahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 ao zaidi, ama wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 ao zaidi, naye anakohoa ao anapumua kwa shida, sharti munganga awaze juu ya nimonia, hata kama kamstari ka malaria kametokea. Atashika shingo kama imekauka. Atauliza kama jirani kuna mtoto mwenye surua. Kwa kazi hiyo hakuna umeme unaohitajiwa, hakuna mashine ya Ulaya. Saa ya mkono yenye mshale wa sekunde inatosha. Dawa ya malaria peke yake haiponyi nimonia, na mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja siku tatu ili tuone.

Hapo mwanafunzi atajitetea: lakini tuna ordinogramu! Ndiyo, ile karatasi yenye mishale, inayosema ukiona hivi pita huku, ukiona vile pita kule. Ni karatasi nzuri. Na wengi hawajui kwamba karatasi za namna hiyo zina historia ndefu hapa Kasongo penyewe. Katika miaka ya 1970 waganga na wauguzi wa Kasongo, pamoja na walimu wa Institut ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, kule Ubeljiji, kama Harrie Van Balen na Pierre Mercenier, walipanga kazi ili muuguzi wa santre ya kijijini aweze kupokea wagonjwa vizuri bila daktari kukaa karibu naye. Kazi ile ilisomwa katika nchi nyingi. Mtu wa afya ya watu wote, awe wa Asia ao Amerika, mara nyingi amekwisha kusikia jina Kasongo, na sisi wenyeji tunakaa kimya kama vile ni kijiji cha mtu mwingine.

Ninachokipenda ni kwamba watu wale walipima hata karatasi zao wenyewe. Wakati ule ilikuwa desturi kutenga wanawake wenye mimba: huyu yuko hatarini, sababu uzazi wake wa mbele ulikuwa wa matata, azalie hospitali, yule hana shida. Inaonekana ni akili kabisa. Nani angekataa? Lakini wao walifuata wanawake mpaka kuzaa, wakaangalia nani kweli mtoto alikwama njiani. Mwaka 1984 waliandika walichokiona. Kati ya kila wanawake 100 waliopata shida ya mtoto kukwama, 71 hawakuwa katika kundi la hatari. Na kati ya kila 100 waliotiwa katika kundi la hatari, 90 hawakupata shida ile.

Soma tena hesabu hizo polepole, wewe kijana unayesomea ukunga. Maana yake ni kwamba yule mama ambaye kwenye fishi yake uliandika "hakuna shida", yeye pia anaweza kukwama usiku huu. Ukishika fishi na kulala, yeye atakufa kwa neno lako zuri. Na wale 90 waliotishwa, waliotembea kilometa nyingi na sufuria kichwani kwenda kungojea hospitalini, walizaa bila mtoto kukwama. Habari hii imesaidia ulimwengu kuona kwamba haitoshi kutabiri wakati wa mimba. Sharti kila mama aangaliwe wakati wa uchungu wenyewe, na njia ya kumfikisha kwa mpasuaji iwe tayari.

Kuangalia huko kuna chombo chake, ni partogramu. Philpott na Castle waliieneza mwaka 1972 kutoka mji ambao leo unaitwa Harare, kwa ajili ya wakunga waliokuwa mbali na daktari. Unaandika namna mlango wa uzazi unavyofunguka saa kwa saa, na moyo wa mtoto, na nguvu za uchungu. Kuna mstari wa kukuamsha, na mstari wa pili, saa nne mbele, wa kukuambia sasa tenda jambo. Mstari unapovukwa, hausemi ni nini. Wewe ndiwe unayeuliza: uchungu ni dhaifu? Mtoto amekaa vibaya? Njia ni nyembamba? Kibofu kimejaa?

Basi sikia jambo la aibu linalojulikana na wote waliofanya staji. Kuna mahali partogramu inajazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Mama amekwisha kuvaa, mtoto ananyonya, ndipo mwanafunzi anaambiwa, "Jaza ile karatasi, wakaguzi wanakuja." Naye anachora mstari mzuri ulionyooka, mstari ambao haukuwahi kutokea. Watu wanaita hiyo kazi ya ofisi. Mimi ninaiita ushuhuda wa uongo. Chombo kilichofanywa ili kukuamsha kimegeuka pambo la ukuta, na kijana amefundishwa siku ile kwamba karatasi ni kwa ajili ya mkubwa, si kwa ajili ya mama. Mashule yetu ya A2 yamekwisha kupewa programu mpya inayotaka mwanafunzi aonyeshe uwezo wa kazi, asikariri tu. Nimefurahi. Lakini mahali vitabu havipo, mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wanakopi, mtihani unauliza maneno yale yale, na aliyekariri mpaka nukta anapata alama nyingi. Programu haiwezi kufanya peke yake yale ambayo ubao unayakataa.

Kwetu watu wa mashimo kuna swali moja ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi angepaswa kulishika kama jina lake: baba, unafanya kazi gani, na wapi?

Kule Durba, karibu na Watsa, wachimbaji wa zahabu walikuwa wakiugua homa na kutoka damu kwa miaka. Ugonjwa ulikuwa na jina la pale pale, watu walikuwa wameuzoea. Ukiuzoea ugonjwa hauuulizi tena. Tangu mwisho wa mwaka 1998 mpaka 2000, watu 154 waliugua na 128 wakafa, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji. Mwezi wa 4 mwaka 1999 daktari mkuu wa zoni ya afya naye aliugua akafa. Ulikuwa virusi vya Marburg. Waliopima walikuta kwamba si mtu mmoja aliyeuleta kisha akaupitisha kwa wengine wote. Virusi vilikuwa vya namna mbalimbali, maana yake vilitoka shimoni tena na tena. Shimo la Goroumbwa lilikuwa limejaa popo. Lilipojaa maji mwaka 2000, ugonjwa ukakoma. Sasa fikiri: katika daftari ya santre, homa ya mchimbaji na homa ya mwalimu zinafanana. Ni swali moja la kazi linalozitenga.

Na si Marburg tu. Mtu anakohoa mwaka mzima, makohozi yanapimwa mara nyingi, mdudu wa kifua kikuu haonekani, bado anapewa dawa zile zile. Nani amemuuliza anasaga mawe kwa miaka mingapi? Vumbi la mawe linaharibu mapafu bila mdudu yeyote, ingawa linaalika pia kifua kikuu, kwa hiyo yote mawili yatafutwe. Mwingine mikono inatetemeka, amekuwa mkali nyumbani, fizi zinamuuma, anasahau. Jamaa wanasema ni pombe, ao wanasema ni shangazi. Nani amemuuliza kama anachoma zebaki jikoni?

Hapo kwa shangazi sisi watu wa kanisa tuna neno la kusikia. Katika Yohana 9 wanafunzi wa Yesu waliona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza likawa ni nani aliyefanya dhambi, yeye ao wazazi wake. Jibu lao lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya swali. Bwana alikataa majibu yote mawili. Wako wachungaji ambao mgonjwa akifikishwa chumba cha maombi wanajua mara moja ni roho gani, na ni mama mkwe gani. Wanamshika siku saba huku mtoto anapumua pumzi 60. Ninaamini maombi. Tuombe pamoja naye tukiwa njiani kwenda santre.

Na wewe mgonjwa, pia unamfundisha muuguzi asifikiri. Unafika, unasema, "Munganga, vidonge havinisaidie, unipige sindano." Asipokupiga unasema hajui kazi, unakwenda kwa yule wa depo ya dawa ambaye hakuulizi kitu. Mwaka 1976, kule Yambuku katika Equateur, hospitali ilikuwa inatoa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa nje, na kati ya mtu na mtu zilioshwa tu kwa maji ya uvuguvugu. Watu walipenda sindano, wakapewa. Ebola ikapita katika sindano zile. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 wakafa. Walikuwa watu wa kujitoa, hatuwezi kuwahukumu. Kanuni ya kuchemsha sindano ilikuwa inajulikana, na mambo haya yanaonyesha vilevile kwamba mwenye kutupa kanuni akisema "mimi ninafikiri" hajafikiri bado. Akili ya kupima inajua kanuni iliwekwa kwa sababu gani, ndiyo maana inajua pia siku ambayo haitoshi.

Sasa shida kubwa, na vijana wananiuliza hii kuliko zote: Pasta, mkubwa wa santre ni mtu wa umri wa baba yangu. Nikimuuliza atasema nina kiburi, na staji yangu itaharibika.

Ni kweli. Kwetu mtoto mwema ni yule anayenyamaza. Anayeuliza "kwa nini" mara mbili mezani anapata kofi, kisha miaka 15 baadaye tunataka muuguzi anayeuliza. Wazazi, hapa hatuwezi kulaumu shule peke yake. Mtoto akikuuliza kwa nini maji yanachemshwa, mjibu. Kama hujui, mwambie mtafute pamoja kwa mtu anayejua. Heshima haitapungua.

Lakini kwa wewe uliye katika staji wiki hii, soma Danieli sura ya 1. Kijana yule alikuwa chini ya mkubwa, katika nchi ya wenyewe, na hakukubaliana na chakula kilichopangwa. Hakupiga kelele, hakumwita mkubwa mjinga. Aliomba jaribio la siku kumi: wao wale mboga na maji, kisha mkubwa mwenyewe azilinganishe nyuso zao na za vijana wengine, na afanye kufuatana na atakachokiona. Angalia hekima yake. Alileta kitu cha kutazamwa, akaweka siku, akaweka wa kulinganisha nao, na hukumu akaiacha mkononi mwa mkubwa. Alikuwa tayari pia kuonekana amekosa.

Wewe nawe usiseme, "Shefu, hii si malaria." Sema, "Mama Shefu, nimehesabu pumzi za huyu mutoto, nimepata 58. Naomba mutazame pamoja na mimi." Mkubwa mwenye moyo mwema atasimama. Mwenye moyo mgumu atasimama pia, mara nyingi, kwa sababu umempa hesabu, hukumpa matusi. Asiposimama, andika 58 yako kwenye fishi, na saa uliyohesabu, na jina lako. Kisha rudi kwa mtoto baada ya nusu saa, uhesabu tena.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea na wamama juu ya zebaki ndani ya sufuria ya nyumbani.